Nani Aliuguza?

Damari alikuwa na mikono mifupi, minene, kucha zimekatwa hadi kwenye nyama, na kwa miaka kumi na tisa karibu kila mtoto aliyezaliwa Igalambo aliguswa kwanza na mikono hiyo. Igalambo ni kijiji cha milimani, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Mbeya mjini, mahali pa viazi na pareto, ambapo ukungu huamka kabla ya watu. Damari alifika huko akiwa mjane wa miaka ishirini na miwili. Mumewe alikuwa amefukiwa na udongo katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, na hakuna aliyemletea hata shuka lake. Mwaka huohuo alifika Mama Elfrida, mmisionari, naye mjane, akiwa na binti wa miaka mitatu aliyeitwa Margit. Wajane hao wawili wakagawana mzigo: mmoja akafundisha ukunga, mwingine akajifunza huku mtoto wa mwenzake yuko mgongoni mwake.

Mama Elfrida hakuwa mpole. Alimfanya Damari achemshe mkasi kwa muda wa kusema Baba Yetu mara tano, anawe mikono mpaka kwenye viwiko, na akisahau alirudishwa mlangoni hata kama mzazi ndani alikuwa anapiga kelele. "Uchungu unasubiri," alikuwa akisema. "Uchafu hausubiri." Margit alikua akisema Kinyakyusa vizuri kuliko lugha ya mama yake, akakijua pamoja na matusi yake yote, kisha akaenda Ulaya kusomea uuguzi. Aliporudi mwaka 1953, mwanamke mzima, alimkuta Damari amempa mgongo kwenye zahanati, akamrukia mgongoni. Wakaanguka wote wawili juu ya ndoo.

"Mgongo ni uleule," alisema Margit.

"Mgongo, ndiyo," alijibu Damari akijipangusa maji. "Huko Ulaya mnakula nini, mawe?"

Machi 1955, mama na binti walikufa kwa homa ya matumbo. Mama alikufa Jumapili, binti Jumanne ya wiki iliyofuata. Damari ndiye aliyewauguza, akawaosha, akawafumba macho. Yeye hakuugua hata siku moja, kwa sababu alinawa mikono mpaka kwenye viwiko.

Watu wa Igalambo wana desturi yao kwenye msiba. Kabla kaburi halijafunikwa, mzee mmoja husimama na kuuliza: "Nani aliuguza?" Aliyeuguza hujitokeza, akaeleza ugonjwa tangu siku ya kwanza: ulianza wapi, mgonjwa alikula nini, nani aliitwa, nani hakuja, na yeye mwenyewe alikosea wapi. Hafichi. Akimaliza, watu hujibu, "Tumesikia." Baada ya hapo hakuna mwenye ruhusa ya kumsengenya. Lakini aliyeuguza hasemi mpaka aulizwe. Anayekimbilia kusema kabla ya swali huonekana kama mtu anayefuta nyayo zake.

Swali la Mama Elfrida lilikuwa limengoja, maana binti yake alikuwa bado anauguzwa. Siku ya kumzika Margit, mzee mmoja alikwisha kupiga hatua kuelekea kaburini. Bwana Brandal, mkuu wa misheni aliyekaa Iringa, akainua mkono. Alikuwa amefika asubuhi ile na gari lake la Landrova, kwa daraja la magogo lililofungwa juzi yake, matope mpaka madirishani. Alisema misheni haitaki desturi hiyo, kwamba inazaa maneno ya uchawi. Akasema amina, akavaa kofia, akaondoka kabla mvua haijaanza. Alifunika moto kwa nyasi kavu, akaenda zake.

Maana maneno hayakuchelewa. Watu wawili katika nyumba moja, na aliyewalisha hana hata mafua! Tena kulikuwa na habari ya machela. Asukile, mkulima mwenye sauti kubwa aliyeongoza wabebaji wa kijiji, aliisimulia kila palipokuwa na watu watatu. Siku ya tisa ya ugonjwa yeye na wanaume saba walifunga machela mbili za mianzi, wakasimama uani kwa misheni chini ya mvua, tayari kuwashusha wagonjwa hospitalini Mbeya. Damari akatoka ndani, akawaambia: "Rudini nyumbani. Gari linakuja."

"Gari gani?" Asukile alikuwa akiuliza, akiwatazama watu mmoja mmoja. "Nyie mliliona? Mimi sikuliona."

Basi Damari akaacha kuitwa. Hakuna aliyekuja kumwambia usoni. Ilikuwa tu kwamba mimba zilizokuwa zikipita mlangoni pake zilianza kupita njia ya mtoni. Mwezi wa sita Tupokigwe, binti wa Asukile, alijifungua mtoto wake wa kwanza nyumbani kwa baba yake, umbali wa mashamba mawili kutoka kwa Damari. Damari alisikia sauti yake toka alfajiri. Alichemsha mkasi, akanawa, akakaa kizingitini na mikono imeinuliwa ili isiguse kitu, mpaka maji yakamkaukia. Hakuna aliyekuja. Kitovu kilikatwa kwa mundu wa kuvunia. Siku ya nane mtoto alikaza taya, akakataa ziwa, na siku ya kumi akazikwa.

Mundu! Na mkasi uliochemshwa ulikuwa hapo, umbali wa mashamba mawili.

Kwa nini hakusema? Wapo wanaomlaumu mpaka leo. Lakini angesemea wapi? Kisimani, ndoo zikiwa zimejaa na wenzake wamekwisha geuka? Neno lile lilikuwa na mahali pake pa kusemwa, na mahali hapo palifungwa na mtu aliyeondoka na gari. Halafu alikuwapo shahidi mmoja tu, Mwalimu Yotamu, mwinjilisti wa Igalambo. Yotamu naye alikuwa ameahidiwa kubarikiwa kuwa mchungaji, na wa kumbariki alikuwa Bwana Brandal.

Mwaka ulipotimia, barua ilitoka Iringa. Jumapili ya pili ya Aprili kutakuwa na ibada ya ukumbusho wa Mama Elfrida na Bibi Margit. Bwana Mkuu atakuja mwenyewe na kufunua kibao. Wanawake watayarishe chai na viazi kwa wageni. Jina la Damari liliandikwa hapo, kwenye viazi.

Kwa desturi, swali lisiloulizwa kaburini linaweza kuulizwa siku ya kuondoa matanga. Baada ya siku hiyo haliulizwi tena. Kwa watu wa Igalambo ibada hiyo ndiyo ilikuwa matanga yenyewe, na Damari alilijua hilo. Alikwenda kwa Yotamu siku ya Alhamisi. Alimkuta anapanga ratiba kwenye karatasi, miwani imeshikwa na uzi.

"Ugonile, Mwalimu."

"Ndaga, mama. Karibu. Viazi vimepatikana?"

"Viazi vipo. Nimekuja kuomba swali langu."

Yotamu hakuinua kichwa. "Ratiba imejaa."

"Nionyeshe."

"Nyimbo nne. Hotuba ya Bwana Mkuu. Kibao. Salamu za kwaya ya Iringa."

"Kwaya ya Iringa walimjua Margit?"

"Mama Damari, haya mambo yamekatazwa. Unajua."

"Najua nani alikataza. Wewe unajua kwa nini." Alikaa bila kukaribishwa. "Siku ile wanaume wamesimama kwenye mvua, nani alikuja na barua ya Iringa chumbani kwa wagonjwa? Nani aliisoma? Mimi nasoma, lakini Mama Elfrida alisema Mwalimu asome, Mwalimu ana sauti nzuri. Ilisema nini?"

Yotamu akavua miwani.

"Ilisema nini, Mwalimu?"

"Unajua ilivyosema."

"Nataka kuisikia kwa sauti nzuri."

Akaisema kwa sauti ndogo, kama mtoto anayerudia somo la jana. "Msiwabebe kwa machela. Njia ni mbaya, watapata baridi. Nitaleta gari Jumatano."

"Jumatano gari lilikuwa wapi?"

"Kwenye jiwe la msingi. Kanisa jipya upande wa Iringa."

"Na Ijumaa daraja likachukuliwa na maji, hata machela haikuweza kupita. Sasa mimi ndiye niliyewaua. Mwaka mzima, Yotamu! Unanipita kanisani, unasema 'Bwana awe nanyi', na mimi najibu 'awe nawe pia'. Nami nilitaka kweli awe nawe, akubane koo mpaka useme."

"Nina watoto sita," alisema Yotamu.

"Tupokigwe alikuwa naye mmoja."

Mwinjilisti akavaa tena miwani, akaangalia karatasi, akaandika kitu ambacho hakikuwa cha lazima. Damari akasimama. Mlangoni akasema bila kugeuka, "Viazi vitakuwa tayari saa nne."

Jumapili ilikuwa na jua safi, jua la baada ya mvua ndefu. Nyuma ya kanisa wanawake walimenya viazi wakiwa wamezunguka sufuria tatu, na duara lile liliachwa wazi kidogo pale alipokaa Damari, kama jino lililong'oka. Ni Sekela tu, wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyesogea na kibao chake cha kukalia mpaka magoti yao yakagusana. Sekela alikuwa mzee, mwembamba, na ulimi wake haukuwahi kuzeeka.

"Nyie mnaoogopa kukaa hapa," alisema akiwaelekezea kisu, "hivyo viazi kamenya yeye tangu alfajiri. Mtakula au mtakufa?"

"Aa, Sekela, nani kasema tunaogopa?"

"Basi sogea. Sogea, makalio hayo hayajawahi kuogopa kitu."

Wengine wakacheka, mmoja akasogea. Damari hakucheka.

"Leo wakifunika, wifi, wamefunika," alimwambia Sekela kwa sauti ya chini. "Nitazikwa na neno hili."

"Kwani swali lazima atoe Mwalimu?"

"Anatoa mwanamume yeyote mwenye msiba. Lakini nani? Wote wanamwogopa mzungu, na asiyemwogopa mzungu ananichukia mimi."

Gari lilisikika likipanda. Wakaosha mikono.

Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Bwana Brandal alikuwa mtu mrefu, mwenye macho ya upole. Hilo lisemwe, maana alikuwa na upole wa kutosha kwa kila kitu isipokuwa ukweli. Alizungumza Kiswahili safi. Alisema juu ya mama aliyeacha nchi yake na binti aliyerudi kulifuata kaburi lake. Alisema juu ya mbegu inayoanguka katika ardhi. Watu walilia, kwa sababu waliwapenda wanawake wale, na machozi hayangoji kujua nani anahubiri. Kisha akavuta kitambaa cheupe, na kibao cha mninga kikaonekana ukutani, majina mawili yamechongwa vizuri.

"Ndugu zangu," alisema, "habari za ugonjwa wao zilitufikia Iringa kwa kuchelewa. Lakini tunajua kwamba yote yaliyowezekana yalifanyika. Mungu aliwataka. Sasa tuimbe."

Damari alikuwa amesimama karibu na mlango wa nyuma, mahali pa wapishi. Alihisi masikio yake yakiwaka. Zilitufikia kwa kuchelewa! Mwandiko wa mkono wake, majibu ya mkono wake, Jumatano ya mdomo wake! Alimtazama Yotamu aliyekaa mbele. Yotamu alitazama viatu vyake.

Kabla mwalimu wa kwaya hajatoa sauti, mtu alisimama katikati upande wa wanaume. Alikuwa Asukile.

"Nina swali," alisema.

"Baada ya ibada, mzee wangu," alisema Bwana Brandal.

"Baada ya ibada ni matanga yamekwisha. Mimi nilifunga machela. Nilinyeshewa. Nikarudishwa kama mbwa. Halafu nimesikia leo yote yaliyowezekana yalifanyika. Yapi?" Akageuka, akamtafuta Damari kwa macho mpaka mlangoni. Hakuwa akimsaidia, uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeleta kamba ya kumfungia mwizi. "Nauliza mbele ya watu. Nani aliuguza?"

Watu wote wakageukia mlangoni, hata watoto.

Damari alipita katikati ya watu akiwa na aproni yake yenye wanga wa viazi. Alikuwa amelingoja swali hilo kwa mwaka mzima, na lilimjia kutoka kinywa cha adui, kama jiwe. Akalipokea. Alipofika mbele alianza kwa Kiswahili, lugha aliyojifunza ukubwani na aliyoitumia kwa shida, si kwa Kinyakyusa, ili mgeni asipate mahali pa kujificha.

"Mimi niliuguza," alisema. "Ugonjwa ulianza Jumapili, kichwa. Mama Elfrida alikunywa maji ya mto kwenye safari ya kliniki, chupa ilivunjika. Margit alikunywa naye. Jumatano homa. Nilimpa uji, akatapika. Margit akalala kesho yake. Dawa ya zahanati ikaisha. Siku ya tano tulituma mtu mpaka Mbeya na barua ya Bwana Mkuu, ikaenda Iringa na basi. Siku ya tisa jibu lilirudi. Lilisema tusiwabebe kwa machela, gari litakuja Jumatano."

"Mama," alisema Bwana Brandal, "hii ni ibada, si baraza."

"Ameulizwa," ilisema sauti ya Sekela kutoka nyuma. "Mwache amalize, baba."

"Jumatano gari halikuja," Damari aliendelea. "Lilikuwa kwenye jiwe la msingi. Ijumaa daraja lilikwenda. Mama alikufa Jumapili saa tisa mchana. Margit alikaa siku tisa zaidi. Aliniita kwa Kinyakyusa, aliniita mama, akidhani mimi ni mama yake. Sikumsahihisha."

Hapo akajipangusa uso kwa aproni, akaendelea.

"Sasa kosa langu. Asukile na wenzake walisimama uani. Walikuwa tayari. Mama Elfrida alikuwa bado anaweza kubebwa, mimi nilimwona, mimi ni mkunga, najua mtu anayeweza kubebwa. Moyo wangu uliniambia wabebwe. Lakini barua ilikuwa imesema, na mimi nimefundishwa kutii karatasi. Niliwarudisha. Niliamini wino kuliko mabega ya wanaume wanane. Hilo ni langu, nalibeba. Lakini lile la gari si langu. Silibebi tena hata siku moja."

Asukile alikuwa bado amesimama. "Nani aliiona hiyo barua?"

"Muulize aliyeisoma."

Hakutaja jina. Hakuhitaji. Macho ya watu yalianza kutafuta, yakapita benchi kwa benchi, yakafika mbele. Yotamu alikaa kwa muda ambao mtu angeweza kusema Baba Yetu. Kisha akasimama.

"Niliisoma mimi," alisema. "Ni kama anavyosema. Mwandiko ni wa Bwana Mkuu."

Bwana Brandal alisema jambo, kwamba mwaka ule kulikuwa na shughuli nyingi, kwamba njia ya Iringa ilikuwa tope, kwamba si mahali pake hapa. Labda yalikuwa na ukweli ndani yake. Lakini alikuwa akikiambia kibao, maana watu walikuwa hawamtazami. Sekela alitangulia. "Tumesikia," alisema. Wanawake wa viazi wakafuata, mmoja mmoja, kisha wanaume, kisha madirishani, "Tumesikia," "Tumesikia," mpaka kanisa zima likasema. Mwalimu wa kwaya akaanzisha wimbo akiimba peke yake na wageni wa Iringa.

Damari hakukaa kuusikia. Alitoka kwa mlango wa mbele.

Asukile alimfuata, akamfikia kwenye ukuta wa mawe. Kofia ilikuwa mkononi. Sauti yake kubwa ilikuwa imempotea.

"Mama Damari. Mwaka mzima napita shambani kwako asubuhi na jioni. Kwa nini hukuniambia?"

"Nani aliniuliza?"

"Ungesema tu. Ungeniita. Yule mtoto wa Tupokigwe..."

"Yule mtoto alikuwa wangu kumpokea," alisema Damari. "Nilinawa, Asukile. Siku ile nilikuwa nimenawa. Nilikaa kizingitini nimeinua mikono hivi," na akaiinua, mifupi, minene, nyeupe kwa wanga, "nikasikia binti yako analia, na wewe ulikuwa umesimama mlangoni kwako unaniona."

"Nilikuona."

"Basi usiniulize mimi kwa nini."

Asukile alitaka kupiga magoti, kama wanaume wa huko wanavyofanya wakiomba radhi kwa mama mkwe, lakini Damari akamshika kwapani akamzuia asishuke, kwa nguvu, karibu kwa ukatili. Hakuwa tayari kusamehe. Watu walipoanza kutoka kanisani wakawaona wamesimama hivyo, mmoja akishuka, mwingine akimkatalia kushuka. Kisha Damari akamwachia, akapanda kilima kwenda kwake, hasira yake bado nzima, kama mtu aliyerudishiwa blanketi lake baada ya baridi kwisha.